Tolstoy hakusilimu, lakini maisha yake yana funzo kwetu

Kuna ujumbe ambao kila baada ya miezi michache huzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa pwani. Unasema kwamba mwandishi mkubwa wa Urusi, Leo Tolstoy, alisilimu kabla ya kufa na kwamba habari hiyo ilifichwa na wakubwa. Chini yake huwekwa picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu na shati pana. Watu huandika mashaallah, kisha huusukuma mbele kwa wengine.

Nimeulizwa juu ya ujumbe huo mara nyingi, pengine kwa sababu wasomaji wa safu hii wanajua mapenzi yangu kwa vitabu. Jibu langu ni lile lile: Tolstoy hakusilimu. Lakini aliyeutunga uzushi huo hakujua kwamba ukweli wenyewe una utamu zaidi, na una faida zaidi kwetu Waislamu na kwa jirani zetu wasio Waislamu. Leo nataka niusimulie, kwani kumzulia maiti si tabia ya Muislamu, hata kama uzushi wenyewe ni wa kumsifu.

Lev Nikolayevich Tolstoy, ambaye dunia humwita Leo, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1828 katika shamba la ukoo wao liitwalo Yasnaya Polyana, yapata kilomita 200 kusini mwa Moscow. Walikuwa mabwanyenye wenye cheo cha kurithi. Hata hivyo uyatima ulimpata mapema. Mama yake alifariki kabla yeye hajatimiza miaka miwili, na baba yake akafariki Lev akiwa na umri wa miaka minane. Akalelewa na shangazi zake, yeye na kaka zake watatu na dada mmoja.

Mwaka 1841 watoto hao walihamishiwa Kazan, kwa shangazi mwingine. Kazan si mji wa hivi hivi. Ni mji mkuu wa Watatari, watu ambao ni Waislamu kwa karne nyingi na ambao dola yao ilitekwa na Ivan Mkali mwaka 1552. Kijana Tolstoy alikulia mahali ambapo misikiti na makanisa vimo katika mji mmoja. Na alipoingia Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1844, somo alilolichagua lilikuwa lugha za mashariki, yaani Kiarabu na Kituruki, kwa nia ya kuwa balozi.

Hakufika mbali. Mtihani wa kuingia alifaulu, wa mwisho wa mwaka ukamshinda. Akahamia sheria, na mwaka 1847 akaondoka chuoni bila shahada yoyote. Sisi wenye diploma zetu tujipe moyo.

Mwaka huo huo alirithi Yasnaya Polyana pamoja na mamia ya wakulima waliokuwa wakiishi humo. Hapa inabidi nieleze kidogo. Urusi ya zama hizo mkulima hakuwa mtu huru. Alizaliwa amefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Bwana aliweza kumtumikisha, kumchapa viboko, kumkataza kuoa amtakaye, kumpeleka jeshini miaka na miaka, na kumuuza pamoja na shamba. Mabwanyenye wakikisia utajiri wa mtu hawakuhesabu ekari. Walihesabu roho za watu alionao.

Tolstoy alikuwa na miaka 19, na roho hizo zilikuwa mikononi mwake. Alijaribu kuwasaidia, hawakumwamini. Naye akakimbilia starehe za mjini: pombe, wanawake na kamari. Kamari hasa ilimla. Ilifika hadi nyumba kubwa aliyozaliwa ndani yake ikauzwa mwaka 1854, ikabomolewa na kuhamishwa, ili madeni yalipwe. Maisha yake yote yaliyobaki aliishi katika nyumba ya pembeni ya shamba lile lile, akilitazama pengo lililoachwa na ile kubwa.

Mwaka 1851 alimfuata kaka yake mkubwa, Nikolai, aliyekuwa askari huko Caucasus. Ni milima iliyo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na wakati huo ilikuwa ikiwaka moto. Wachechnya na watu wa Dagestan, Waislamu, walikuwa wakipigana na jeshi la Tsar chini ya uongozi wa Imam Shamil. Vita hivyo vilichukua miongo. Shamil alijisalimisha mwaka 1859, miaka mingi baada ya kuanza, akaja kufariki Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqii.

Tolstoy alikuwa upande wa wavamizi. Tusilifiche hilo. Alijiunga na jeshi lililochoma vijiji vya Waislamu na kukata misitu yao. Lakini huko huko alipata rafiki wa Kichechnya aitwaye Sado. Kwa mila za watu wa milimani, wawili wakishapeana urafiki wa kiapo, mali na maisha ya mmoja huwa amana kwa mwenziwe.

Tolstoy alipoteza fedha nyingi kwa kamari kwa afisa mwenziwe, akatia saini hati ya deni ambalo hakuwa na uwezo wa kulilipa. Sado, bila kuambiwa, alikwenda akacheza na afisa yule, akamshinda, akaichukua hati na kuipeleka kwa Nikolai ili irejeshwe kwa mdogo wake, bila kudai hata ndururu. Najua kamari ni haramu na Sado hakupaswa kuicheza. Lakini uaminifu wake ule Tolstoy hakuusahau. Mara nyingine wawili hao walikuwa juu ya farasi, wakafukuzwa na wapiganaji wa Kichechnya. Tolstoy alikuwa amepanda farasi wa Sado aliye mwepesi zaidi, na angeweza kujiokoa peke yake. Hakumwacha rafiki yake.

Hadi leo kuna kijiji katika Chechnya kinachoitwa Tolstoy-Yurt. Fikirini watu waliopigana na Warusi mara nyingi kiasi hicho, halafu wakakubali kubaki na jina la afisa wa Kirusi.

Kule milimani ndiko alikoanza kuandika. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu utoto, kilitoka katika jarida la fasihi mwaka 1852 bila jina lake kamili, na watu wakaulizana ni nani huyu. Kisha akahamishiwa Sevastopol, mji wa bandari uliozingirwa na majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Uturuki mwaka 1854 na 1855. Aliyoyaandika kutoka huko yaliwashtua wasomaji waliozoea sifa za mashujaa. Aliandika juu ya meza za hospitali ambapo miguu hukatwa, na juu ya maafisa wanaowaza medali wakati watu wao wanakufa.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini hadithi zilikuwa na uzito hivyo Urusi? Sababu ni kwamba hapakuwa na pahali pengine pa kusemea. Urusi haikuwa na bunge hadi mwaka 1906. Magazeti yalipitiwa na wakaguzi wa serikali kabla ya kuchapishwa. Basi mambo ambayo kwingine yangejadiliwa bungeni au barazani, kwao yaliingia ndani ya riwaya na tamthilia. Gogol aliwacheka wala rushwa katika mchezo ambao sisi tunaufahamu kwa Kiswahili kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Turgenev aliandika visa vya wakulima kwa namna iliyowafanya mabwana waone kwamba wanaowamiliki ni watu. Dostoevsky alikamatwa mwaka 1849 kwa kuhudhuria mikutano ya kusoma na kujadili, akapelekwa Siberia kufanya kazi ngumu. Kuandika ilikuwa ni kazi ya hatari, na wananchi waliwatazama waandishi kama watu wa kuwasemea.

Tolstoy aliuelewa mzigo huo. Mwaka 1859 alifungua shule ya watoto wa wakulima pale nyumbani kwake. Mimi nilisomea ualimu, na nikisoma habari za shule ile hushangaa. Ilikuwa wakati ambapo fimbo ndiyo iliyokuwa mwalimu mkuu wa Ulaya nzima. Yeye alikataza kabisa kuwapiga watoto. Mtoto aliyechoka aliruhusiwa kutoka. Waliambiwa watunge hadithi zao wenyewe, naye akazichukulia kwa uzito kama anavyozichukulia za watu wazima. Mwaka 1862, yeye akiwa safarini kwa ajili ya afya yake, polisi walivamia nyumba wakapekua kila pahali, wakitafuta mitambo ya kuchapia maandishi ya uchochezi. Hawakupata kitu.

Baadaye, mwaka 1872, alitoa kitabu cha kufundishia kusoma, chenye alfabeti na visa vifupi. Ndani yake mna kisa cha mfungwa wa Kirusi aliyeshikwa na watu wa milimani, na binti mdogo wa Kiislamu aliyemhurumia na kumsaidia kutoroka. Yaani katika kitabu cha kwanza cha mtoto wa Kirusi, nchi ikiwa imetoka vitani na Waislamu juzi tu, mwenye huruma ni mtoto wa adui.

Wakulima waliachiwa huru kwa amri ya Tsar Alexander wa Pili mwaka 1861. Zaidi ya watu milioni 20 walitoka katika umiliki wa mabwana. Lakini ardhi hawakupewa bure. Walitakiwa kuilipia kwa awamu za miaka 49, na mara nyingi walipewa kipande kidogo kuliko kile walichokuwa wakikilima. Tolstoy aliteuliwa kuwa msuluhishi kati ya mabwana na wakulima katika wilaya yake, na alisimama na wakulima kiasi kwamba mabwanyenye wenzake walimshitaki kwa wakubwa. Msomaji wa Kilifi au Kwale anayejua maana ya kuitwa skwota kwenye ardhi ambayo babu yake aliilima hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1862, akiwa na miaka 34, alimuoa Sofia Behrs, binti wa miaka 18. Kabla ya harusi alimpa asome shajara zake zote, zenye kila uchafu wa ujana wake, hata habari za mwanamke mkulima aliyezaa naye mtoto pale pale shambani. Alidhani huo ni ukweli. Binti yule aliumia, na kidonda hicho hakikupona. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujisitiri, na hapa mtu huiona hekima yake.

Hata hivyo Sofia alikuwa nguzo yake. Alimzalia watoto 13, wanane kati yao wakafikia utu uzima. Aliendesha nyumba na hesabu za shamba. Usiku, watoto wakilala, alinakili kwa mkono miswada ya mumewe iliyojaa mikwaruzo, akanakili tena na tena kadiri mume alivyobadilisha. Ndivyo kilivyopatikana kitabu cha Vita na Amani, kilichokamilika mwaka 1869, chenye mamia ya wahusika na habari za uvamizi wa Napoleon wa mwaka 1812. Ndivyo kilivyopatikana Anna Karenina, kilichoanza kutoka mwaka 1875, kuhusu mke aliyeacha ndoa yake na jinsi jamii ilivyomwadhibu yeye huku wanaume waliofanya yale yale wakiendelea kualikwa karamuni.

Kama angeishia hapo, angetosha kuwa mwandishi mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, na sifa, mali, mke na watoto. Hapo ndipo moyo wake ulipogoma. Akajiuliza maisha haya yana maana gani ikiwa kifo kinakuja kuyafuta yote. Swali hilo lilimtesa hadi akaificha kamba asije akajinyonga, na akaacha kutoka na bunduki ya kuwindia.

Alitafuta jibu kwa wanafalsafa na wanasayansi, hakulipata. Mwisho alilipata kwa wakulima, ambao walikuwa maskini, wakifanya kazi ngumu, wakizika watoto, na bado walimtegemea Mungu na kufa kwa utulivu. Alirudi kanisani, akafunga na kusali. Lakini hakuweza kumeza yote. Aliona Kanisa la Orthodoksi likibariki vita, likibariki utajiri, likimtii Tsar. Akaanza kuisoma Injili mwenyewe na kukataa kila alichoona kimeongezwa: Utatu, uungu wa Yesu, miujiza, sakramenti. Alichobaki nacho ni Mungu mmoja, mapenzi kwa viumbe, na kutolipiza ubaya kwa ubaya.

Mnaona sasa uzushi ulipopata pa kushikia. Mtu anayekataa Utatu na kusema Mungu ni mmoja, Muislamu humwona yu karibu. Na kweli alikuwa karibu. Katika miaka yake ya mwisho alichagua hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.) kutoka mkusanyiko uliotolewa kwa Kiingereza na msomi wa Kihindi, Abdullah Suhrawardy, akazifanyia kijitabu cha Kirusi ili watu wa kawaida wasome. Mwaka 1909 mama mmoja Mrusi aliyeolewa na Muislamu alimwandikia kwamba wanawe wanataka kuwa Waislamu kama baba yao. Tolstoy alimjibu asiwazuie. Alisema kwamba akiulinganisha Uislamu na mafundisho ya Kanisa lake, Uislamu ndio ulio juu kwa sababu ya tauhidi yake. Katika jibu lilo hilo alisema pia kwamba Uislamu, kama dini nyingine, una mambo ambayo kwa maoni yake yaliongezwa na watu na yanahitaji kuondolewa. Wanaosambaza ujumbe hunukuu nusu ya kwanza na kuificha ya pili.

Tena kuna habari ambayo ujumbe ule hauitaji kabisa, ingawa inatugusa zaidi sisi wa pwani. Mwaka 1904 Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alimwandikia barua Tolstoy kumsifu kwa kuwaelekeza watu kwenye maumbile waliyoumbiwa, na Tolstoy akamjibu kwa heshima kubwa. Fikra za Abduh huyo huyo ndizo zilizomfikia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mufti wa Misri hakumtaka Mrusi yule atamke shahada ndipo amwandikie. Alimwandikia kama mwanachuoni anavyomwandikia mtu mwenye akili.

Imani mpya ya Tolstoy haikubaki kwenye karatasi. Mwaka 1882 alishiriki kuhesabu watu mjini Moscow, akaingia vyumba vya chini ya ardhi ambamo mafukara walilala wamebanana. Aliondoka akiwa hawezi tena kula chakula chake kwa raha. Aliacha pombe, tumbaku na nyama. Alilima, alipasua kuni, alijifunza kushona viatu. Akashirikiana na wenzake kuanzisha shirika la kuchapisha vijitabu vya bei rahisi kwa wakulima, vikauzwa mamilioni. Mwaka 1891 alitangaza kwamba vitabu alivyoviandika tangu 1881 yeyote anaweza kuvichapisha bila kumlipa.

Katika vijitabu vya zama hizo kimo kisa cha mkulima anayekwenda kununua ardhi kwa Wabashkiri, kabila la Waislamu ambao Tolstoy aliwajua vizuri, maana alikwenda nyika zao kunywa maziwa ya farasi kama dawa. Anaambiwa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kuanzia jua likichomoza ni yake, mradi arudi alipoanzia kabla halijazama. Tamaa inamvuta, anakwenda mbali mno, anarudi mbio na kuanguka amekufa. Ardhi aliyoihitaji ikawa ni ile ya kaburi. Napendekeza kisa hicho kisomwe na kila diwani, kila wakala wa ardhi na kila mzee anayeuza shamba la ukoo mara mbili.

Mwaka 1891 njaa iliingia katika majimbo ya kati ya Urusi. Serikali haikutaka hata neno njaa litumike magazetini. Tolstoy, akiwa na miaka 63, alihamia na binti zake katika jimbo la Ryazan, wakafungua majiko ya umma kijiji kwa kijiji. Sofia aliandika gazetini kuomba michango, ikamiminika. Kwa siku moja majiko hayo yalikuwa yakilisha zaidi ya watu 10,000. Halafu kulikuwa na Wadukhobor, kundi la Wakristo waliochoma silaha zao na kukataa jeshi, wakateswa. Tolstoy alimalizia riwaya yake ya Ufufuko mwaka 1899 ili malipo yake yawasafirishe, na zaidi ya watu 7,000 walifika Canada.

Riwaya hiyo ilifichua mahakama, magereza na ibada za kanisani. Mwaka 1901 Kanisa lilimtangaza kuwa ametengwa. Serikali iliwafunga wafuasi wake na kumwacha yeye, kwa hofu ya jina lake. Barua zilimfikia kutoka pembe zote za dunia. Mmoja wa waliomwandikia alikuwa wakili wa Kihindi aliyeishi Afrika Kusini, Mohandas Gandhi. Mwaka 1910 shamba la familia za Wahindi waliokuwa wakipinga sheria za ubaguzi karibu na Johannesburg lilipewa jina la Tolstoy. Mbinu ya kupinga dhulma bila kumwaga damu, ambayo baadaye ilizunguka Afrika nzima, ilipita mikononi mwa mzee huyu.

Na ndipo alipoirudia Caucasus. Mwaka 1896 aliona ua la mbigili shambani, limekanyagwa na jembe lakini bado limesimama. Likamkumbusha Hadji Murat, jemadari wa Dagestan aliyegombana na Imam Shamil, akajiunga na Warusi mwaka 1851, kisha akajaribu kutoroka ili aikomboe familia yake, akauawa mwaka 1852 na kichwa chake kukatwa. Tolstoy alikuwa huko wakati ule, kijana. Sasa ni mzee, na kwa miaka minane alikiandika kisa hicho na kukiandika upya.

Humo mna kijiji cha Waislamu kilichoteketezwa na jeshi la Tsar. Msikiti umenajisiwa, kisima kimechafuliwa, mizinga ya nyuki imechomwa, na mtoto amechomwa singe mgongoni. Mwandishi anaingia katika nyoyo za wazee wa kijiji na kueleza wanavyowaona Warusi. Hawatetei askari wake. Wala hampambi Shamil. Anamwonyesha akiwa mkali kama Tsar alivyo mkali. Hakukitoa kitabu hicho akiwa hai. Kilichapishwa mwaka 1912, nacho kikakatwa na wakaguzi. Mrusi aliyevaa sare za jeshi lile ndiye aliyeacha ushahidi mkubwa wa dhulma waliyofanyiwa Waislamu wa Caucasus.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mali alikuwa amekwisha kuigawa kwa mkewe na watoto, lakini bado aliishi nyumbani humo, akihudumiwa na watumishi, akihubiri ufukara. Aibu hiyo ilimla. Sofia naye alikuwa na hoja. Nani angewalisha watoto hao wote? Mwaka 1910 Tolstoy alitia saini wosia wa siri, msituni, kumwondolea mkewe haki za vitabu ambavyo yeye mwenyewe alivinakili kwa taa. Wanafunzi wake walikuwa na mkono katika jambo hilo. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kusema kweli alimficha mkewe wa miaka 48. Mimi kwa hili simtetei. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa ahali zake, na kwa kipimo hicho mzee huyu alipungukiwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1910, akiwa na miaka 82, alitoroka nyumbani na daktari wake. Sofia alipojua alijitupa bwawani, wakamwokoa. Mzee alipanda treni za daraja la chini, akashikwa na kichomi, akashushwa katika stesheni ndogo ya Astapovo. Mkuu wa stesheni alimpa nyumba yake. Waandishi wa habari walijazana, simu za upepo zikatumwa dunia nzima. Sofia alifika, akazuiwa kuingia, akabaki kuchungulia dirishani. Aliruhusiwa mumewe akiwa hajitambui tena. Tolstoy alifariki tarehe 20 Novemba.

Alizikwa Yasnaya Polyana, msituni, bila kasisi, bila msalaba, bila jiwe. Ni tuta la udongo lenye majani, na limebaki hivyo hadi leo. Hiki nacho ni kielelezo wanachokitumia wenye uzushi, kwa sababu kaburi lile linafanana na ya kwetu. Sababu yake ni nyingine. Walipokuwa watoto, kaka yake Nikolai aliwaambia kwamba pahali pale kumezikwa kijiti cha kijani, na juu yake kumeandikwa siri itakayowafanya wanadamu wote wapendane. Tolstoy aliomba alazwe hapo.

Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze. Mtu ambaye wakati wa vita alimwona Muislamu kuwa mwanadamu kamili, akaandika hivyo kwa lugha ya taifa lililokuwa likimpiga, tuna haki ya kumheshimu bila kumbadilisha dini. Na badala ya kugawa picha, walimu wa sekondari wawasimulie wanafunzi kile kisa cha mkulima na ardhi, na mwenye kusoma Kiingereza amtafute Hadji Murat. Ni kitabu kifupi. Kisha tujiulize ni nani kati yetu atakayeandika juu ya jirani asiyekuwa wa kabila letu wala dini yetu kwa uadilifu kama ule, hasa uchaguzi unapokaribia na midomo ikaanza kuchafuka.

Wabillahi tawfiq.